Wapangaji wa Mama Chini ya Maji

Mimi nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Hapa Ikola wananijua. Nimewahi kumrushia mwenzangu jiwe la nanga kwa sababu alinicheka nikiteleza, na nimewahi kuipasua redio yangu mwenyewe kwa sababu ilikataa kushika stesheni siku ya mpira. Marehemu baba naye alikuwa hivyo hivyo. Mimi na mdogo wangu alitupiga kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake: mkanda, mwiko, kasia, samaki. Ndiyo, samaki. Kuhe mbichi akitua mgongoni kwako, utalala kifudifudi siku mbili.

Kuhe ndiye samaki wa nyumba yetu. Wengine walihangaika na dagaa, wengine na migebuka, sisi tulikuwa watu wa mshipi: uzi mmoja, ndoano moja, mkono wako mwenyewe. Kuhe akikua vizuri anafika urefu wa mkono wa mtu mzima, na ana roho mbaya kuliko samaki wote wa Ziwa Tanganyika. Wakitaka kuzaa, mume na mke wanachimba shimo kwenye mchanga, wanataga, halafu wanakaa pale wiki nyingi bila kula, wanalinda. Kitu chochote kikisogea wanakipiga. Kaa, samaki wala mayai kama ngege, kivuli cha mtumbwi, chochote. Ukimshushia ndoano kuhe mwenye watoto, haing'ati kwa njaa. Anaing'ata ili aiue.

Kwa hiyo ni rahisi kumvua, rahisi mno, na hapo ndipo baba alipokuwa na sheria yake. Unachukua mmoja tu. Mwingine unamwachia watoto. Ukishamtoa mmoja unang'oa nanga, unaondoka, na humwonyeshi mtu mahali pale. Siku moja alimkuta jirani yetu amewatoa wote wawili, vitoto vinaliwa kule chini, na jirani anaangalia tu huku anakunja mshipi wake. Baba alimpiga ngumi moja. Jino lilimtoka yule bwana likaangukia majini, na baba akamwambia, "Sasa na wewe umebaki na pengo, ulilinde." Mimi na mdogo wangu tulicheka njia nzima mpaka nyumbani, na tulipofika nyumbani baba akatupiga kwa kucheka.

Siku hizi sheria hiyo hakuna anayeishika. Ziwa lenyewe limebadilika. Upepo uliokuwa na miezi yake sasa unakuja unapojisikia. Migebuka wamekimbilia kina kirefu. Serikali inafunga ziwa miezi kadhaa samaki wapumzike, na likifunguliwa watu wanaruka wote kwa pamoja, na siku hizi kuna vijana wa kuzamia na miwani, wana vyuma vya kufyatua kwa mpira, wanamchoma kuhe juu ya watoto wake. Na maji yenyewe yamepanda. Yamepanda mpaka yakatukuta nyumbani.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia, ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na jiko la mama upande wa nyuma. Maji hayakuja siku moja. Mwaka wa kwanza yalilamba msingi, mwaka wa pili yakaingia sebuleni, na asubuhi moja upepo wa kusini ukaamka vibaya, mawimbi yakaanza kuupiga ukuta wa mbele. Puu. Puu. Kila pigo tofali moja au mawili yanatoka. Mimi na mdogo wangu tulikuwa juu tunang'oa mabati, misumari inatuchana viganja, na mama alikuwa amekaa jikoni juu ya kinu kilichopinduliwa, maji magotini, anasema hatoki. "Nimezalia humu," anasema, "acheni nyumba initoe yenyewe." Nikamfokea. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Mdogo wangu alishuka, akamgeuzia mgongo, akambeba kama mtoto, na mama akawa anamtwanga ngumi za kichwa njia nzima mpaka kilimani. Mdogo wangu alifika jicho limevimba. Nyuma yao ukuta wa mbele ukaanguka wote kwa mpigo mmoja, nikauona kwa macho yangu, nikalia kwa hasira mpaka kamasi zikanitoka.

Tukajenga upya huko kilimani, mama kwenye nyumba yake ndogo, mimi huku, mdogo wangu kule. Ile ya chini ikabaki kwenye maji, imezama kupita kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Lakini Tanganyika ni ziwa la maji meupe. Ukitulia juu ya nyumba asubuhi, kabla upepo haujaamka, unaona kila kitu: msingi, mlango wa jiko, mafiga matatu ya mama bado yamekaa pale pale, mchanga umejaa pande zote.

Mwaka huu, nikipita kwenda kwenye miamba kuvua, niliona vivuli viwili vinene katikati ya mafiga. Nikasimamisha mtumbwi. Kuhe, mume na mke, wamechimba shimo lao jikoni kwa mama! Mke alikuwa mdogo kidogo, na mkia wake una pengo, kama mtu kaukata kwa mkasi. Nikazamisha kasia taratibu nione watafanyaje. Mume akapanda moja kwa moja akaligonga, ti, nikalisikia mpaka kwenye kiwiko. Nilicheka peke yangu juu ya maji kama mwehu.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Mama hakuwa amecheka tangu nyumba iende.

"Wamepanga bila kuniuliza?" akasema.

"Wamepanga."

"Basi waambie wafagie."

Kuanzia siku ile kila asubuhi swali lilikuwa moja. Wapangaji wangu wameamkaje? Wametaga? Watoto wametoka kwenye mayai? Wanaogelea? Akawa anakula vizuri, akawa anasuka mkeka tena. Halafu siku moja mimi na mdogo wangu tumekaa kwake tunakula ugali, akanawa mikono akatuangalia mmoja mmoja. "Nyie wawili nawajua," akasema. "Sikilizeni. Atakayewatoa hao kabla watoto hawajaondoka, huyo asinizike. Asishike jeneza, asishike koleo, asisimame kaburini. Nimemaliza." Mdogo wangu aliacha kutafuna. Kwetu neno kama hilo mzazi hulisema mara moja tu, na halichezewi.

Wiki ile ile nilikuwa nimetega kamba yangu ndefu kwenye kina, mbali na nyumba, ndoano nyingi, boya lake dumu la njano. Ndoano zangu nazifunga kwa uzi mwekundu, mwalo mzima unajua. Ukaja upepo, ukavuma siku nzima na usiku wake, na ulipotulia dumu halikuwepo. Nikasema wezi. Nikapita mwaloni natukana wezi, nikatukana mpaka wasiohusika, nikamtukana mama wa watu anayeuza maandazi. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, upepo huu unaweza kuwa umeiburuta. Tuitafute kwanza." Nikamwambia anyamaze, asinitetee wezi.

Kesho yake asubuhi nikapita juu ya nyumba. Kwenye mafiga kulikuwa na kuhe mmoja. Mume. Anazunguka, anawapiga ngege upande huu, wengine wanaingia upande ule, anageuka, anawapiga wale, hawa wanarudi. Mke hayupo. Na pale pale juu yake mtumbwi wa mdogo wangu umetia nanga, mwenyewe amekaa, na miguuni pake kuhe amelala, damu bado mbichi.

Sikuuliza. Hilo naomba lisikike vizuri. Sikuuliza hata neno moja.

Aliponiona nimesimama na kasia alielewa. "Kaka, huyu si wa hapa, nimemtoa kule kwenye miamba, hapa nimekuja ku..." Sikumwacha amalize. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, nikausikia mfupa, mlio mdogo tu, kama kuni kavu. Na bado nilipiga. Nilipiga la tatu, nikapiga la nne, huku namwambia umemuua mama, umemuua mama, hutamzika wewe, na kila nilipopiga moyo ulikuwa unapoa. Nasema ukweli. Ulikuwa unapoa, na ilikuwa tamu. Mtumbwi wake ukapinduka. Yule kuhe akaelea tumbo juu akachukuliwa na maji, nami sikujisumbua kumwangalia hata mkia.

Mdogo wangu anaogelea kuliko mimi, lakini kwa mkono mmoja alikuwa anameza maji. Nilimwangalia akimeza. Akazama mara ya kwanza, akaibuka, akazama mara ya pili, akaibuka ananitazama, haniiti. Ndipo nikamshika ukosi wa shati, nikamburuta pembeni ya mtumbwi mpaka ufukweni, nikamtupa pale kwenye mchanga kati ya dagaa za watu.

Walimpakia kwenye gari la samaki kwenda hospitali Mpanda. Sasa, ukifika hospitali na mfupa uliovunjwa na mtu, wanataka kwanza fomu ya polisi, PF3, na ukishaichukua hiyo, aliyekupiga anafuatwa. Dereva alinisimulia baadaye. Daktari alimuuliza mara mbili nani kakupiga, na mara mbili mdogo wangu akajibu, "Niliteleza kwenye mawe nikivuta mtumbwi." Na mimi niliposikia hivyo, badala ya kuona haya, nikasema, mwone, hata uongo ameshauzoea, mwizi yule.

Mama nilimwambia mimi mwenyewe, kifua mbele. Nikamwambia mwanao kamtoa mke, nimemwadhibu. Mama akasema, "Haya." Akaugeukia ukuta, akakaa hivyo hadi jioni, na mkeka wake ukabaki umekunjwa.

Mdogo wangu alirudi siku ya tatu, mkono wa kulia umefungwa hogo, lile gamba jeupe gumu, kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Mke wake alikuwa Sibwesa shambani, wanavuna, hajui kitu. Mama hakumpelekea chakula. Mimi ndiyo kabisa. Na mtu mzima halili kwa mkono wa kushoto, aibu, kwa hiyo alikuwa anakunywa uji wa jirani kwenye kikombe na kurudi kulala.

Siku hiyo hiyo mchana nilikwenda juu ya nyumba. Sijui nilifuata nini. Yule mume alikuwa bado anapigana. Mapezi yalishachanika, ubavu mmoja magamba yametoka, na lile wingu la watoto lilikuwa limepungua likabaki kama kofia. Mtumbwi ukasogea kidogo kwa upepo, nikaona rangi ya njano nyuma ya ukuta wa jiko. Dumu langu. Limepasuka, limejaa maji, limekwama kwenye tofali.

Nikavua shati nikazama. Kamba yangu ilikuwa imezunguka msingi wa jiko kama vile mtu kaifunga kwa makusudi, ndoano zimekamata huku na kule, na kwenye ndoano moja, kwenye kivuli cha ukuta ambako kutoka juu humwoni, alikuwepo yeye. Mke, mkia una pengo. Uzi wangu mwekundu unamtoka mdomoni. Alikuwa hai. Siku tatu nzima amevuta mpaka mwisho wa kamba, amechimba mfereji kwenye mchanga kwa kuvuta, na mwisho wa kamba ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Anawaona watoto wake wanaliwa, hawafikii.

Nilimkata nikapanda naye. Nikamshika tumboni majini, nikamsukuma mbele na nyuma apitishe maji kwenye matamvua, nikamwambia amka mama, amka, tafadhali. Alipanua mdomo mara mbili akatulia. Mama yangu weee! Nililia mpaka watu waliokuwa wanapita na mtumbwi wakauliza nani kafa.

Ningeweza kumwacha azame. Sitajifanya mtakatifu hapa, nilimshika mkononi muda mrefu nikiwaza hivyo hivyo. Hakuna aliyeona. Mdogo wangu angebaki mwizi, angebaki mtoto asiyemzika mama yake, na mimi ningebaki mkubwa mwenye haki. Kilichonizuia ni yule mume. Alipanda akaligonga kasia langu lililoning'inia majini, ti, lile lile kasia, na nilipoliangalia nikaona kwenye ufa wa ncha kuna alama ya damu ambayo hata maji hayakuitoa.

Nilimlaza samaki mbele ya mama. Mama akaushika mkia, akaona pengo. Akaufungua mdomo kwa kidole gumba, akaona uzi mwekundu. Nilisubiri anipige, natamani angenipiga. Aliingia ndani akatoka na kisu, akampara magamba, akamkata vipande. Nyama ilikuwa nyembamba, haina mafuta, mzazi aliyekaa bila kula. Akampika kwa mawese na nyanya, akasonga ugali, akaniwekea sinia mikononi. "Beba," akasema. "Utamlisha wewe."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini kwake. Alipotuona hakusimama. Mama akasema, "Mwambie." Nikamwambia yote: upepo, dumu, kamba, uzi mwekundu, mke alivyokuwa hai. Wakati nasema alikuwa anaangalia hogo lake. Na yeye akasema, kwa sauti ndogo tu, kwamba asubuhi ile mama alikuwa amemwomba akakae pale juu kidogo awafukuze vijana wa kuzamia, maana mimi nilikuwa nimeshughulika na wezi. Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anatazama ziwa.

"Nilidhani tamaa ilimshinda akanidanganya," akasema mama. "Na mimi sikumuuliza." Halafu akaniambia, "Mlishe."

Nikanawa. Nikakata tonge, nikachovya, nikatoa miiba, nikampelekea mdomoni. Akala. La pili akala, machozi yanamshuka mpaka kwenye kidevu. La tatu aliliacha tonge, akakishika kidole changu kwa meno. Akauma. Akauma huku ananitazama machoni, akauma mpaka meno yakakutana na mfupa, nikaisikia damu inashuka kwenye kiganja. Mkono wangu wa kushoto ulishakuwa ngumi, wenyewe, bila kuambiwa. Nikaukalia. Nikaukalia kwa uzito wangu wote nikamwacha aume.

Alipoachia alitema pembeni. "Yule mume bado yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Nani yuko naye?"

"Hakuna."

"Sasa umekaa hapa unanilisha ili iweje? Mjinga wewe!" Halafu akamgeukia mama. "Mama, lile neno la kaburini mfungulie huyu."

"Watoto waliobaki wakitoka salama, nimemfungulia," akasema mama. "Wakiliwa, linabaki kwake."

Nikaenda na kidole kimefungwa kipande cha kanga. Nilikaa juu ya nyumba yetu kutwa nzima, kesho yake tena, na kesho yake tena, na fito ndefu ya tete, nikiwachokoa ngege upande ambao mume hajafika. Siku za kwanza mume aliipiga fito yangu pia, hakujua niko upande gani. Wakaja vijana wawili na miwani yao. Nikasimama na kasia nikawaambia anayetaka kuzikwa leo aruke. Hawakuruka. Siku ya nne mtu akamleta mdogo wangu kwa mtumbwi, akahamia kwangu, akakaa mbele, hogo mapajani, fito mkono wa kushoto. Hakunisalimia. Tulikaa hivyo wiki mbili na siku kadhaa bila kuzungumza zaidi ya "kulia kwako" na "hao wanakuja".

Walitoka asubuhi moja maji yametulia. Sasa walikuwa wakubwa, kila mmoja kama kidole, hata hamsini sijui kama walifika. Walipita kwenye mlango wa jiko, mume mbele yao, ngozi imechakaa, anaogelea upande upande, mpaka palipoanza weusi wa kina wakaingia. Mdogo wangu akaweka fito chini. Akasema, "Kaka, twende tukamwambie mama," na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kaka tangu siku ile.

Mkono wake ulipona umepinda. Mshipi anaushika kwa kushoto sasa, na anavua kuliko mimi, shenzi. Kidole changu hakina hisia kwenye ncha. Watu wakiniuliza nasema niliumwa na kuhe.

Mama yupo, mzima, anasuka mikeka. Juzi tulikuwa kwake tunakula tukaanza kugombana nani atashika upande wa kichwa siku ya jeneza lake. Mdogo wangu anasema ni yeye. Nikamwambia kwa mkono gani, utamwangusha mama. Wote wawili tunajua nani aliuvunja. Mama akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani. "Kichwa ashike huyo aliyenibeba kwenye maji," akasema. "Wewe utakaa chini yake, unidake nikimponyoka."